Tupeane uzoefu: filamu ya hospitali na tambiko, wapi huwa panaharibika?

Mleta mada: Wakuu, kuna vijana hapa Moshi wanaandaa filamu. Binti ana kifafa, mama anataka dozi ya hospitali, ukoo unataka tambiko. Wenye ujuzi mwageni, ila vya kufanyia kazi tu, visa vyetu tuviache kando.

Wodi_ya_Usiku: Waigizaji wengi wakianguka hugaragara wakipiga kelele mwanzo mwisho. Sivyo. Kuna mlio mmoja mwanzoni, mwili unakakamaa, taya zinabana, ndipo mikono na miguu inaruka kwa mpigo mmoja unaopungua kasi mpaka unakatika. Dakika 1 hadi 3 zinatosha. Baada ya hapo amelegea, anakoroma, na akizinduka hajui yuko wapi. Akifumbua macho tu akasema "mama nisamehe", filamu imekufa hapohapo. Na kijiko mdomoni marufuku! Alazwe ubavu, mtu atazame saa. Zikipita dakika 5 ni dharura.

Sale_la_Kihamba: Kaniki na tunguri ziacheni kwa filamu za Dar, huku Machame, Uchagani, zitachekesha watu. Anayetambika ni mzee wa ukoo, kihambani kwake, yaani kwenye shamba la ukoo, si mganga wa kukodi. Anashika kata ya mbege, pombe ya Kichagga, anamimina kidogo chini huku akiwaita marehemu kwa majina. Sale nalo, lile jani refu la Wachagga, si pambo la mlangoni: likifungwa fundo likapelekwa kwa mtu, ni kuomba msamaha. Hapo mna tukio zima lisilohitaji maneno, mjomba akimpelekea mama sale. Mbege tafuteni ya kweli, ya ndizi na ulezi. Chai ya maziwa kwenye kata inajulikana kwa povu lake.

Taa_Mbili: Mlima pigeni alfajiri, mchana mara nyingi umeshajifunika. Kibali cha Bodi ya Filamu kwanza, halafu cha hospitali yenyewe, na mgonjwa halisi asionekane hata mgongo. Dripu: chemba, kile kichupa matone yanamodondokea, ijae nusu, na lita 1 kwa saa 8 ni kama matone 42 kwa dakika kwa mpira wa matone 20 kwa mililita. Ikimwagika kama bomba, manesi watazima runinga.

Mleta mada: Kwenye mswada binti anaachishwa vidonge asubuhi, jioni anaanguka.

Wodi_ya_Usiku: Rekebisheni hapo, mkuu. Kama ni fenobabitoni, dawa ya kifafa, inatoka mwilini polepole, kwa siku kadhaa. Kwa hiyo mbuzi anachinjwa, siku ya pili binti mzima, ya tatu anachota maji, mjomba anatamba kilabuni kwamba mizimu imepokea. Kisha degedege zinakuja mfululizo, moja haijaisha nyingine imeanza, kwa sababu dozi ilikatwa ghafla badala ya kupunguzwa. Zile siku za utulivu zipeni nafasi ndefu, na pakiti ya vidonge ionekane dirishani, haijaguswa.

Sale_la_Kihamba: Na mzee asiseme popote "acheni dawa". Aseme ya mizimu tu. Wa kukataza vidonge awe mjomba.