Wageni wa Kifini na "no niin" yao, maana yake hasa nini?

MtuWaJambiani: Assalam alaykum. Mie natembeza wageni kwa ngalawa, wiki hii nina familia ya Wafini na neno lao kubwa ni "no niin". Tukitweka tanga, no niin. Tukifika mwambani, no niin. Mtoto kammwagia maji dadake, baba mtu kamkazia macho, no niin! Simu inanambia maana yake "vizuri", sasa pale kafanya vizuri gani? Nataka na mie nilitumie ila nisije nikawavunjia heshima.

bintiwete: Waalaykum salaam kaka. Nimesoma kwao huko. "No" ni kama "basi" ile ya kuanzia maneno na "niin" ni "hivyo", lakini usilipasue, lichukue zima, kwetu ndo "haya". Mwalimu anaingia darasani anaweka mkoba mezani, no niin, ujue somo linaanza nyamazeni. Umealikwa kwa watu, mazungumzo yamepoa, mtu anajipiga viganja magotini, no niin, hapo ndo kuagana kunaanza na watu wanaenda kutafuta viatu vyao mlangoni maana ndani hawavai. Kikubwa sauti. Ikiwa fupi na kali ni onyo, ndo hiyo aliyopewa mtoto wako, ikiburutwa chini nzito ni "haya, si nilikwambia", na mtoto akilia anabembelezwa no niin, no niin, laini kabisa. Tumia tu, halina utovu wa adabu.

karafuu_moto: Kweli kabisa. Wakati ule wa SMOLE, mradi wa ardhi na mazingira uliofadhiliwa na Ufini hapa Unguja na Pemba, nilikaa kikao na mtaalamu wao, anafungua kwa no niin anafunga kwa no niin, kompyuta ikizima katikati no niin ya huzuni hiyo, mpaka na sie tukawa tunasema.

MtuWaJambiani: Ahsanteni sana. Na kutamka je?

bintiwete: Hiyo "ii" ivute, usiikate. Kifini irabu ikirefuka neno linakuwa jengine: "tuli" ni moto, "tuuli" ni upepo. Wewe mtu wa bahari hilo lishike sawasawa, usije ukawaambia wageni katikati ya maji kuna moto mkali leo.

MtuWaJambiani: Hahaa tuuli, nimeshika. Na tanga?

bintiwete: Purje. Hiyo j isome kama y.