Mwanangu ana ADHD na mwalimu ameshachoka. Nimsaidieje shuleni?

MamaWaKati

Habari zenu wanajukwaa. Kijana wangu ana miaka saba, yuko darasa la kwanza. Daktari wa watoto alitupa fomu, moja tukajaza sisi nyumbani na nyingine akajaza mwalimu wake. Majibu yakaja kuwa ni ADHD, ile ya mchanganyiko: umakini hafifu na kutotulia kwa pamoja. Macho na masikio yalipimwa, yako sawa. Naomba basi tusipoteze muda kubishana kama anayo au hana.

Shida yangu ni shule. Muulize kwa mdomo, anakujibu mpaka unashangaa. Lakini daftari linarudi na sentensi moja na nusu. Anajibu swali kabla halijaisha, anasimama bila ruhusa, penseli hazimalizi wiki. Mwalimu ni mtu mwema ila darasa lake ni kubwa, na siku hizi tukikutana getini ananisomea mashtaka tu. Adhabu yake ni kumbakiza ndani wenzake wakienda mapumziko, eti amalizie kazi. Kipindi kinachofuata ndiyo anavuruga kabisa.

Baba yake anasema tumwache, atakua. Mimi nimeanza kumsikia mtoto akisema "mimi ni mtoto mbaya", na hapo ndipo usingizi uliponiruka. Nataka vitu vya kumpelekea mwalimu, vile anavyoweza kuvifanya peke yake bila msaidizi. Mliopitia haya, nisaidieni.

MzeeKijiwe

Enzi zetu magonjwa haya hayakuwepo. Bakora mbili tatu mtoto anatulia. Mnawadekeza.

Mwl_Chaki

Shikamoo mzee wangu. Walikuwepo. Daktari George Still aliwaeleza watoto wa aina hii kwenye mihadhara yake London mwaka 1902. Sisi tuliwaita watukutu, wakafukuzwa au wakaacha shule wenyewe, ndiyo maana hatukuwaona madarasa ya juu. Bakora inamtuliza kwa woga wa dakika chache. Haimpi uwezo wa kushika maagizo matatu kichwani.

Mama, mimi nafundisha madarasa ya chini. Kitu cha kwanza kukiomba ni hayo mapumziko yarudishwe. Huyu ndiye mtoto anayeyahitaji kuliko wote darasani. Ukimnyima kukimbia, ile nguvu ataimalizia kwenye kipindi cha hesabu. Umeshaliona mwenyewe. Usiende na lawama, mwambie tu mwalimu: "Baada ya kubakizwa ndani anakuwaje?" Atajijibu.

La pili ni mahali pa kukaa. Mbele, mbali na mlango na dirisha, karibu na mtoto mtulivu, mahali ambapo mwalimu anaweza kugusa dawati lake akipita. Asitengwe kwenye kona akitazama ukuta. Hapo umemwandikia kibao shingoni, na wenzake wataanza kumwita majina.

Maagizo sasa. "Toeni madaftari, andikeni tarehe, fungueni ukurasa wa kumi, fanyeni swali la kwanza mpaka la tano." Wenzake wameshaanza, yeye bado anatafuta daftari, na yaliyofuata yameshapotea. Mwalimu akishaliambia darasa, apite kwake ampe moja tu, kisha amwambie arudie kwa mdomo wake. Akimaliza hilo, linafuata lingine.

Kazi ya kuandika igawanywe. Mimi huweka alama ndogo ya penseli baada ya swali la pili na kumwambia, "Ukifika hapa niletee." Anakuja, nampa vema, anarudi kuendelea. Amepata kutembea kwa halali, nami nimeiona kazi kabla haijaharibika. Tena mpe kazi za miguu: kugawa madaftari, kufuta ubao, kupeleka rejesta ofisini. Na akitaka kuandika akiwa amesimama nyuma ya dawati, shida iko wapi? Mwandiko ni ule ule.

Kuna jambo walimu wengi hatuligundui. Kunukuu ubaoni kunamchosha sana. Anatazama juu, anashika maneno, anashusha macho, maneno yamepotea, anaanza upya. Akipewa karatasi yenye maswali pale mezani, utaona ile sentensi moja na nusu inaongezeka. Na kama mdomo wake unajua, mwalimu ampime kwa mdomo baadhi ya siku.

MzeeKijiwe

Marahaba mwalimu. Maneno matamu, lakini darasa la watoto sabini nani ana muda wa kumwekea mmoja alama za penseli?

Mwl_Chaki

Hoja hiyo naipokea mzee. Ndiyo maana mama asiende na orodha yangu yote. Achague mawili. Kukaa mbele hakumgharimu mwalimu chochote, na mapumziko vivyo hivyo. Mwalimu akishaona kipindi chake kimetulia, mengine atayatafuta mwenyewe.

BabaTulizo

Kwetu kilichotuvusha ni kadi ya kila siku. Karatasi ndogo inayokwenda na kurudi kwenye begi. Juu yake malengo mawili, yasizidi matatu, na yaandikwe kwa lile unalotaka alifanye: "Nilinyoosha mkono kabla ya kusema." "Nilianza kazi nilipoambiwa." Usiandike "Sikusumbua", mtoto hajui kusumbua kunaanzia wapi. Siku igawe vipande viwili au vitatu, mwalimu anaweka vema au anaacha wazi. Haandiki maelezo wala hataji makosa.

Zawadi inatoka nyumbani, siku ile ile. Mambo ya Ijumaa hayamsaidii mtoto huyu, kwake Ijumaa ni mbali mno. Si lazima iwe kitu cha kununua: hadithi moja ya ziada, kuchagua mchezo wa kucheza na baba, kuchelewa kulala kidogo. Wiki ya kwanza weka kiwango cha chini ili ashinde karibu kila siku. Hili watu wengi hulikosea, wanaanza na malengo ya malaika, mtoto anashindwa siku tatu mfululizo kisha kadi anaitupa chooni.

Kadi ikipotea hakuna zawadi, basi, bila mahubiri. Na alama aliyokwisha kuipata usimnyang'anye kwa kosa la jioni. Zawadi ikichuja, badilisha. Itachuja tu, hawa wanachoka upesi.

MamaWaKati

Nashukuru sana, nasoma naandika pembeni. Maswali mawili. Hii kadi si rushwa? Na kuhusu dawa daktari aliligusia tukasema tutafikiria. Shangazi zake wao wanasema tukate sukari kwanza.

BabaTulizo

Rushwa unampa mtu afanye lisilofaa, dada. Wenzake wanafanya kazi leo kwa ajili ya matokeo ya mwisho wa muhula. Wetu matokeo hayo hayamvuti, kwa hiyo tunayasogeza karibu.

NesiZamu

Nianze na sukari. Mwaka 1995 yalikusanywa majaribio ambayo wazazi wala watoto hawakujua nani kapewa sukari na nani kapewa kitamu kisicho sukari. Tabia haikubadilika. Punguzeni kwa ajili ya meno, lakini msitegemee itamtuliza. Usingizi ndio uutazame: kama anakoroma sana au analala hovyo, mwambie daktari, maana mtoto asiyelala vizuri naye huchangamka kupita kiasi na kusahau.

Baba yake ana nusu ya ukweli. Utafiti wa picha za ubongo uliotoka 2007 ulionyesha kwamba gamba la ubongo kwa watoto wenye ADHD hufikia unene wake wa juu wakiwa na miaka kama 10 na nusu kwa wastani, wenzao 7 na nusu. Kwa hiyo ndiyo, ubongo unaendelea kukua. Ila kusoma na kuandika vinafundishwa sasa, na wengi hubaki na dalili kiasi hata wakiwa watu wazima.

Dawa: mwongozo wa madaktari wa watoto wa Marekani wa 2019 unasema aliye chini ya miaka sita aanziwe na mafunzo kwa wazazi ya namna ya kuongoza tabia. Kuanzia sita, dawa iende pamoja na mafunzo hayo na msaada wa shuleni. Inayotumika sana ni methilifenideti. Inaanza kazi siku hiyo hiyo, ndani ya saa moja hivi, na jioni inakuwa imeisha. Hupunguza hamu ya kula na inaweza kuchelewesha usingizi, kwa hiyo uzito, urefu, mapigo ya moyo na presha hufuatiliwa. Kama kuna ugonjwa wa moyo kwenye ukoo, sema kabla. Na usipokee vidonge vya mtoto wa jirani hata kama wana umri mmoja. Uamuzi ni wenu na daktari, na kukataa leo hakuzuii kukubali mwakani.

Kimya_Kingi

Mimi ni mtu mzima mwenye hali hii. Sikuwa wa kurukaruka, nilikuwa wa kuota ndoto mchana, kwa hiyo hakuna aliyeshtuka. Wasichana wengi hupita hivyo hivyo, wakiitwa wavivu.

Hilo la "mtoto mbaya" msilijibu kwa "hapana, wewe ni mzuri" mkaishia hapo. Hataamini, ushahidi wote wa shuleni unampinga. Mwelezeni hali yake kwa jina lake, kwa maneno ya umri wake: kichwa chako kinachelewa kusimama, kwa hiyo tunakitafutia breki. Kisha msifuni kwa kitu mlichokiona kwa macho: "Nimeona umefunga begi kabla sijakuambia."

MamaWaKati

Hiyo ya breki nitaitumia leo jioni. Nimeandika ujumbe kwa mwalimu, naomba mnikosoe:

"Mwalimu, habari za kazi. Nashukuru kwa uvumilivu wako kwa kijana wetu. Kama unavyojua amegundulika kuwa na ADHD, hivyo si kosa lake. Naomba tujaribu mambo mawili: akae mbele mbali na dirisha, na asinyimwe mapumziko. Kazi asiyomaliza naomba uitume nyumbani, tutaifanya yote. Nimeambatanisha kadi ndogo, ni ya kuweka vema tu."

Mwl_Chaki

Umeandika vizuri. Toa "hivyo si kosa lake", mwalimu atasikia kwamba kosa ni lake yeye. Toa pia "tutaifanya yote". Mtoto aliyetoka kupambana kutwa nzima mkimkalisha mpaka usiku mtakosana naye; omba sehemu tu, yenye kuonyesha kama ameelewa. Na kadi isubiri wiki ya pili. Mwisho ongeza siku ya kuonana baada ya wiki mbili, dakika kumi, na umwombe aje na jambo moja lililokwenda vizuri. Utume asubuhi mapema kabla hajaingia darasani.