Pasi mpya, eVisa ya zamani, safari tarehe 19

Mama Nasra (Milton Keynes):

Asalaam alaykum jamaa zangu, na wale wenzetu heri ya Krismasi mapema. Nnaomba msaada wa haraka. Nimebadilisha pasi ya Tanzania mwaka huu, ile ya zamani imeshakatwa kona, sasa kwenye akaunti ya eVisa, kile kibali cha kuishi Uingereza kilichomo mtandaoni, namba inayotoka bado ni ya ile ya zamani. Nimeingia nikaweka mpya, ikanambia imepokelewa, wiki zinapita hakuna kitu, nikiandika imeili nnajibiwa na mashine, nikipiga simu nnawekewa muziki mpaka chaji inakwisha. Tunaruka tarehe 19 usiku, siku hiyohiyo skuli zinafungwa. Watoto wana pasi za hapa, hawana shida, shida ni mie, kwenda ntakwenda, kurudi je? Bibi yao hajapata kumuona huyu mdogo hata siku moja, keshanunua mbuzi kamfunga uani. Aliyepatwa na hili alifanyaje?

Abuu (Leicester):

Waalaykum salaam dada, pole. Kisa changu si hicho khasa lakini kinafanana. Mie ILR yangu, kibali cha kukaa moja kwa moja, ni ya muhuri, imo kwenye pasi iliyokwisha zamani, na kila nikenda Unguja nnabeba zote mbili nimezifunga mpira. Dawati la tiketi wanazifungua kama vile wameona hirizi, wanaitana, mwisho wananipitisha. Wee beba pasi zote mbili, chapisha na ile karatasi ya eVisa, tia na bili ya umeme. Tawakkal.

Kijana wa Vikokotoni (London):

Bwana Abuu usimpoteze mtu. Karatasi ya eVisa haina kazi yoyote, wale wanaangalia kwenye kompyuta yao. BRP zenyewe, zile kadi za ukaazi, zilikufa 31 Disemba 2024. Anachotaka ni shea kodi (share code), ile namba unayoitoa kwenye akaunti ili wakuangalie kibali, na inaishi siku 90, kwa hiyo asiitoe mapema akaisahau. Na muhuri wako wee ni kitu kingine kabisa, usichanganye mafaili.

Abuu (Leicester):

Nimesema kinafanana, sikusema ndicho. Soma kwanza. Na shea kodi itamfaa nini ikiwa ndani yake mna namba ya pasi iliyokatwa kona?

Bi Mkubwa (Portsmouth):

Wanangu msigombane. Mie nna la kuuliza, wenye UC, ile posho ya serikali ya Universal Credit, mnaosafiri mnajua kuwa ni mwezi mmoja tu na lazima useme kabla? Mtu mmoja hapa alikwenda Makunduchi kuuguza, akapitiliza, karudi kakuta imefungwa, na Krismasi yenyewe ofisi zote kimya, 25 na 26 na mwaka mpya hakuna wa kumlilia. Jengine ni skuli. Msiwatoe watoto kabla haijafungwa ili kukimbilia tiketi rahisi, faini sasa pauni 80 kwa kila mzazi kwa kila mtoto, usipolipa ndani ya siku 21 inakuwa 160. Piga hesabu wenye wanne.

Halafu dada, kwa nini Disemba? Tiketi ndo zimepanda mpaka darini.

Mama Nasra (Milton Keynes):

Ahsante Bi Mkubwa, shkamoo. Disemba kwa sababu nyengine hakuna. Likizo ya Februari ni wiki moja na Ramadhani inaingia. Na maembe. Nataka wanangu wale embe bolibo juu ya baraza maji yakichuruzika mpaka kwenye viwiko, si hii tunayouziwa imefungwa nailoni. Na huyu mkubwa skuli kapewa kuwa ngamia kwenye mchezo wao wa Krismasi, keshajifunza kupiga magoti, anataka akamuoneshe bibi. Lakini jamani pasi.

Ustadh M. (Birmingham):

Dada samahani, mtoto wa Kiislamu ngamia wa Krismasi? Tunakwenda wapi?

Bi Mkubwa (Portsmouth):

Kwani ngamia ana dini gani? Muache mtoto. Wangu alikuwa nyota, kavaa karatasi ya kuokea, leo ni daktari na anasali.

Kijana wa Vikokotoni (London):

Tukirudi kwenye mambo ya maana. Krismasi Unguja haina maana yoyote ni mambo ya watalii na watu wa bara, mahoteli ya Nungwi wanatundika taa na pamba juu ya minazi kwenye joto lile la kaskazi basi. Dada atafaidi bahari tu.

Mwana wa Mbweni (Reading):

Nimekuwa nikisoma kimya lakini hapa sinyamazi. Bwana mdogo, mie ni Mzanzibari na ni Mkristo, wazee wetu walikombolewa kwenye majahazi ya watumwa wakawekwa Mbweni, kanisa la Mtakatifu Yohana lipo pale na makaburi yetu yapo pale. Unaniambia mie Krismasi ni ya watu wa bara? Soko la watumwa Mkunazini lilifungwa 1873, na jiwe la msingi la kanisa likawekwa palepale mwaka huohuo, siku ya Krismasi. Siku ya Krismasi! Wewe ulikuwa ukipita hapo kila siku kwenda Darajani hujajua. Zile nguzo zilizosimamishwa kichwa chini kila papasi anawaonesha wageni, sisi tulikuwa tukizihesabu kwa vidole wakati padri anahubiri, mama anatufinya.

Kengele za Mkunazini zikianza na Minara Miwili, kanisa la Wakatoliki, nao wanajibu, mji mzima unasikia, na kabla ya hapo umeshasikia adhana ya alfajiri, hakuna aliyemgombeza mwenzake. Nyumbani mbuzi alikuwa akichinjwa na jirani yetu Mzee wa msikitini, baba alimwita kwa makusudi, ili chano kikitoka nyumba zote zile. Idd wao wanatuletea, Krismasi tunapeleka sisi, mie ndo nilikuwa mpelekaji, nikirudi na sahani ina halua maana sahani hairudishwi tupu. Nguo mpya zilikuwa zinatoka kwa fundi usiku wa mwisho, vifungo bado vya moto wa pasi. Hayo hukuyaona wewe kwa sababu hukualikwa au hukutaka kuja.

Kijana wa Vikokotoni (London):

Basi mzee usinimeze, nimesema mahoteli.

Mpemba Halisi (Cardiff):

Nyie watu wa Unguja mnajisifu tu. Kwetu Wete Disemba ni karafuu, zimeanikwa kwenye majamvi pembeni mwa njia, harufu inakupiga kabla hujaona nyumba. Na kama mnataka sherehe ya Disemba basi ni tarehe 10, uhuru wa Zanzibar 10 Disemba 1963, hamuitaji hata mmoja, mnangojea fataki za Januari tu.

Abuu (Leicester):

Fataki za Januari ni za Mapinduzi, 1964, na bila hayo babu yangu asingepata hata pa kujenga. Usituanze.

Mpemba Halisi (Cardiff):

Babu yako kapata, wangu kapokonywa. Tumeanza zamani.

Msimamizi:

Nasema mara moja tu. 1963, 1964 na mambo ya uchaguzi hapa hapana. Atakayeendelea namtoa.

Dada wa Kikwajuni (Northampton):

Mie sitaji mwaka wowote, nitataja bei. Nilichukua uraia wa hapa, na Tanzania hairuhusu viwili, kwa hiyo nimeupoteza ule. Tangu Oktoba 2024 mgeni anayeingia Zanzibar analipia bima dola 44, ya siku 92. Na viza dola 50. Kitovu changu kimezikwa Kikwajuni, mama anaumwa miguu hawezi kuja kunipokea, na mimi nasimama foleni na Mtaliano aliyevaa kaptura namuuliza yeye umelipa wapi. Akanionesha vizuri, kanisaidia mpaka kwenye simu yangu. Namshukuru, lakini nililia. Na hiyo hadhi maalum ya diaspora watu wanayoisifu, hadhi si pasi. Dada Mama Nasra, hiyo ya kwako iliyokukosesha usingizi, wenzio tunaitamani. Halafu watoto wako wa pasi za hapa, bima umeshawalipia?

Mama Nasra (Milton Keynes):

Bima? Watoto na wao? Mmoja bado ananyonya.

Jamaa wa Maskati:

Mnalalama nyie mlioko Ulaya. Sisi hapa 25 Disemba tunakwenda kazini.

Bi Mkubwa (Portsmouth):

Afadhali mnakwenda. Mwaka wangu wa mwanzo sikuambiwa kitu, nikavaa nikasimama kwenye kituo cha basi siku ya Krismasi, nikangoja, giza likaingia saa kumi jioni nami nipo. Hakuna basi, hakuna treni, hakuna paka njiani. Dirishani kwa watu naona familia zimevaa vikofia vya karatasi wanakula. Jirani mmoja kizee akanifungulia mlango akanipa bata mzinga mkavu kama ubao na viazi, nikala nikamaliza, mpaka leo kila Krismasi nampikia pilau na kachumbari. Pilipili anaogopa.

Mwana wa Mbweni (Reading):

Bi Mkubwa hilo ndo nililokuwa nalisema, sahani. Mie Krismasi isiyonitoka ni ya 2020. Hatukuweza kusafiri, korona, tumekaa mezani hapa, simu zikaanza kulia zote pamoja, nikajua kuna msiba. Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani pale Forodhani, imeanguka, tarehe 25 khasa, sehemu kubwa ya mbele chini, vumbi mpaka Forodhani, na watu wawili wakafa pale. Chakula kikapoa. Kila usiku wa sikukuu baba alikuwa akitupeleka Forodhani, tunakula mishkaki na juisi ya miwa, tunakaa chini ya saa ile. Mwanangu kazaliwa hapa akanambia baba si nyumba tu. Nikamjibu kwa ukali, kakimbilia chumbani.

Ustadh M. (Birmingham):

Allah awarehemu. Babangu alifanya kazi mle ndani. Mzee wa Mbweni, nitakuja Boxing Day na watoto inshaallah, kama upo.

Mwana wa Mbweni (Reading):

Nipo. Mbuzi uchinje wewe.

Abuu (Leicester):

Na mie nipo, nani analeta mkate wa ufuta? Halafu nani anaruka wiki ijayo ana kilo tatu? Nna dawa za sukari za mama wa Jang'ombe na viatu vya kaka, viatu naweza kuvipunguza nikatoa boksi. Nimepewa namba ya mtu wa makontena lakini wa mwaka jana aliyefanya kazi hiyo sitaki hata kumtaja.

Dada wa Kikwajuni (Northampton):

Mie tarehe 21, nna kilo mbili. Viatu vya kaka avichukue mwenyewe akija.