Gumzo la wazazi wa kwaya ya watoto, Kanisa Kuu Mbeya: wiki ya Pentekoste

Mama Lusajo: Tumsifu Yesu Kristo. Mwalimu, pole na kazi. Watoto wamerudi wanasema leo ni kiitikio kimoja tu cha zaburi, kinarudiwa na kurudiwa, na wakipaza sauti wanakatizwa. Kwa nini wasiachiwe waimbe kwa nguvu? Kanisa lenyewe ni kubwa.

Mwalimu wa kwaya: Milele amina, mama. Mtoto wa miaka 8 hadi 11 ana sauti ya kifua, ile anayomwitia mwenzake uwanjani, na ana sauti ya kichwa, nyembamba na nyepesi. Ukimwambia "imba kwa nguvu" anachukua ya kifua. Akipanda nayo inakwama: kidevu kinainuka, mishipa ya shingo inatokeza, noti inashuka. Mle ndani kuna mwangwi mkubwa. Sauti ya kichwa ikiwa safi inafika mlango mkubwa bila kusukumwa. Nguvu hatuitafuti kabisa kwa watoto, inakuja yenyewe wakipumua vizuri.

Mwalimu wa kwaya: Na kile kiitikio kinateremka ngazi ya noti za solfa: so fa mi re do. Watoto wakishuka ngazi huwa wanapiga hatua kubwa mno, na mi ndiyo inayoharibika kwanza. Mi ikishuka chini ya mahali pake, re na do zinashuka nayo. Kila ubeti unaongeza kidogo, na kufika wa nne tumeshuka nusu toni. Hapo kinanda kikiingia mtasikia wenyewe. Ndiyo maana siruki.

Mpiga kinanda: Naongezea. Kosa hilo halijulikani kinanda kikiwa kinapigwa muda wote, kwa sababu watoto wanakiegemea. Mazoezini natoa do peke yake, naondoa mikono, wanaimba ubeti mzima bila kinanda, halafu nagonga do ileile. Wakiwa wameshuka wanajisikia wenyewe, wanatazamana. Sikio la mtoto linajifunza hapo kuliko kwa maneno.

Baba Tumaini: Mnatibuje sasa? Wangu wa nyumbani anashuka hata kwenye wimbo wa kuamkia.

Mwalimu wa kwaya: Kwanza mgongo na pumzi. Mtoto aliyekaa kwa kulegea lazima ashuke. Asimame, miguu iachane kwa upana wa mabega, magoti yasikazwe. Avute hewa kimya kwa pua na mdomo, mabega yasipande. Aweke kiganja kiunoni ahisi mbavu zinatanuka. Aitoe kwa "sss" hesabu 8, kesho kutwa 12, akizoea 16. Ikitoka kwa kukatikakatika, bado.

Halafu atetemeshe midomo "brrr" kama bajaji inayopanda mlima, akiteremka kutoka so hadi do. Kisha "uuu" kwa ngazi hiyohiyo, kila mara tunapandisha nusu toni. Tunaanzia JUU kuja chini makusudi. Ukimwanzishia mtoto chini, anabeba sauti ya kifua na kupanda nayo. Dakika 8 hadi 10 zinatosha.

Nyumbani asiimbe kwa kushindana na redio. Hilo tu mkinisaidia nitashukuru.

Mama Neema: Mwalimu, kwani tusishushe ufunguo, yaani kimo cha wimbo? Sekwensia, ule wimbo wa Pentekoste kabla ya Injili, iko juu sana kwa wale wadogo.

Mpiga kinanda: Mama Neema, Do = F tulivyoiweka, noti ya juu kabisa ni do ya juu, yaani F. Wadogo wenye mwaka mmoja wanaifikia kwa sauti ya kichwa. Wapya wanaachiwa waishie noti za chini yake, wakubwa wamalizie. Tukishusha hadi C, ile so ya chini inawazamisha, wanaanza kuongea badala ya kuimba. Tunaweza kushuka hadi E bapa, basi.

Na wapiga vinanda wenzangu mliomo humu: kitufe cha kuhamisha ufunguo kirudisheni sifuri baada ya kila wimbo. Kikibaki -2 kutoka Misa iliyopita, mnawaanzishia watoto toni nzima chini na lawama zinawaangukia wao.

Katibu: Na matamshi jamani. Bado nasikia "utuhulumie" na "zambi". Huku kwetu r na l zinapishana, tunalijua, lakini kanisani mwangwi unalikuza. Dawa ni kusoma maneno kwa mapigo ya wimbo, bila sauti ya wimbo, polepole, mara tatu. Kwa "dhambi" ncha ya ulimi ionekane kati ya meno. Na "Mtakatifu": m ina noti yake, midomo ifungwe, isiwe "mutakatifu". Lakini "Mwanakondoo" hiyo m haisimami peke yake, isipewe noti.

Mwalimu wa kwaya: Asante Katibu. Hapo watunzi wengine wanatuumiza, wanaweka pigo zito kwenye silabi isiyo yake. "Mtakatifu" mkazo uko kwenye -ti-. Nikikuta wimbo unaokazia -fu, nahamisha noti au siuimbishi.

Baba Atu: Samahani mwalimu, la nidhamu. Kijana wangu aliambiwa akae pembeni kwa kutotazama mkono wako unaoongoza wimbo. Anasema anasikia kinanda vizuri tu.

Mwalimu wa kwaya: Baba Atu, hilo sitalilegeza. Sauti inasafiri kama mita 340 kwa sekunde. Mtoto akiwa mita 17 kutoka kwenye spika, anachosikia kimechelewa nusu ya moja ya kumi ya sekunde. Akiimba kwa kufuata anachosikia, na sauti yake nayo inachelewa kurudi kwa walio mbele. Hapo safu ya nyuma inaburuta, ya mbele inangoja, na wimbo unapungua mwendo. Mkono haucheleweshwi na umbali. Macho yafuate mkono, sikio limsikilize wa jirani.

Kukaa pembeni ni dakika 5 asikilize wenzake, kisha anarudi. Hachapwi mtu, hatukanwi mtu. Mtoto aliyeogopa anabana koo, na koo lililobanwa halinifai kitu.

Baba Atu: Nimekuelewa mwalimu. Nitazungumza naye.

Mama Lusajo: Na huyu wangu wa miaka 13, sauti imeanza kukatika. Tumtoe?

Mwalimu wa kwaya: Usimtoe mama. Nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, ni umri. Ahamie sauti ya pili, aimbe kwa wepesi noti zinazomtoka, zinazokataa aziache. Asilazimishwe besi mapema. Wakati huo nitampa kupanga nota na kutoa ishara za mkono za solfa kwa wadogo: ngumi do, kiganja kilicholala mi, dole gumba chini fa, kidole juu ti. Wengi tukiwafukuza umri huu hatuwapati tena ukubwani.

Mama Neema: Mayai mabichi na limau kwa ajili ya koo, nimpe?

Mama mlezi: Hapana dada. Chakula kinapita njia ya tumboni, hakigusi nyuzi za sauti. Mpe maji tangu asubuhi, kidogo kidogo. Pipi kali za koo zinatia ganzi, mtoto anasukuma bila kuhisi anajiumiza. Akikauka sauti, anyamaze siku mbili tatu, hata kunong'ona asinong'one. Ikipita wiki 3 apelekwe hospitali.

Jumapili Misa ni saa 1 asubuhi, kupasha sauti saa 12 kamili. Uji awe amemaliza nyumbani kabla ya kutoka. Saa moja ya mfungo kabla ya Komunyo inatosha, msiwalete na njaa. Wanaozimia kwenye wimbo wa Utukufu ni tumbo tupu pamoja na magoti yaliyokazwa, damu inabaki miguuni.

Baba Tumaini: Na kwa nini zile nyimbo za Misa, Mtakatifu na Mwanakondoo, watoto hawaimbi peke yao? Wanapendeza.

Katibu: Hati ya Vatikani kuhusu muziki wa ibada, Musicam Sacram ya 1967, namba 16, haipendi kwaya ichukue nyimbo zote na kuwaacha waumini kimya. Watoto wataanzisha, kanisa zima linaitikia.

Mpiga kinanda: Maiki mbili kwenye stendi, mita moja mbele ya safu, juu kidogo ya vichwa. Hakuna mtoto kushika maiki mkononi. Anayeishika anaimba peke yake, wengine wote wanapotea.

Mama mlezi: Mazoezi Jumamosi saa 8 mchana, dakika 45, mapumziko, kisha 30. Wa Uyole na Mbalizi watoke mapema, anayefika anahema apumzike kwanza. Sweta ndani ya joho, baridi imeanza. Chupa ya maji. Penseli ya kuweka alama za pumzi kwenye nota, kalamu ya wino hapana.

Mama Lusajo: Penseli tumeishiwa, nitapitia Mwanjelwa ninunue za wote.