Magunia matatu ndani ya nyumba: iwe sheria au kila mtu na akili yake?

MLETA MADA, MBOZI

Kamwene, mwagonile, na wakubwa shikamooni.

Mkutano wa kijiji chetu mwezi uliopita ulianza saa nane mchana ukaisha giza limeshaingia. Hatukugombania mpaka wala mchango wa darasa. Hoja ilikuwa moja: itungwe sheria ndogo, kila kaya ionyeshe magunia matatu ya mahindi kwa mtendaji kabla ya kuuza hata debe, na asiye nayo alipe faini. Nusu walipiga makofi, nusu wakazomea, mwenyekiti akaahirisha. Naileta hapa kwa sababu sioni kama ni swali la kijiji kimoja.

Mimi nilipiga makofi.

Fanyeni hesabu wenyewe. Wakubwa na watoto ukiwachanganya, weka nusu kilo ya unga kwa kila mdomo kwa siku. Nyumba ya watu sita ni kilo tatu. Magunia matatu ya kilo mia mia ni siku mia. Siku mia za nini? Za siku ambayo barabara imekatika. Sisi watu wa nyanda za juu tunajisifu tunalisha nchi, lakini tuna barabara kuu moja, hiyo ya kutoka Dar kwenda Tunduma. Lori moja likilala vibaya kwenye mlima wa Kitonga, wasafiri wanalala njiani. Petroli inapita hapo hapo, chumvi hapo hapo, dawa za hospitali hapo hapo.

Halafu kuna Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, na siku zilizofuata. Siasa yake siigusi, na waliopoteza ndugu zao wana msiba mzito kuliko maneno yangu. Nasema tumbo tu. Binti yangu amepanga Mbeya mjini. Intaneti imezimwa nchi nzima, maduka ya mtaani kwao yamefungwa, wakala anasema hana floti. Mtoto ana laki mbili kwenye simu na kikombe kimoja cha mchele ndani. Alikula kwa mama mwenye nyumba, kande, siku tatu mfululizo. Aliponipata hewani alisema: "Baba, hela ninayo, ila hailiki."

Msiseme ni ushamba. Serikali ya Sweden ilipeleka kijitabu nyumba kwa nyumba mwaka 2018, ikarudia 2024, kuwaambia watu waweke maji, chakula kisichooza na redio ya betri. Wale Wamarekani wanaochimba mahandaki na kujaza makopo ya miaka 25 siwafuati. Huo naona ni ugonjwa wa kuwa na pesa nyingi na majirani wachache. Lakini siku mia za ugali? Hiyo ni akili ya kawaida.

Karibuni. Matusi hapana.

KIJANA WA SOWETO, MBEYA MJINI

Shikamoo mzee. Binti yako na mimi hali moja. Chumba changu ni kimoja, kitanda, jiko la gesi, ndoo mbili za maji. Magunia matatu niyalalie? Mwenye nyumba wangu akisikia panya anaongeza kodi.

Nikuulize kitu mzee wangu. Hiyo sheria itamkamata nani? Mwenye ghala ataonyesha magunia thelathini na kurudi kulala. Faini itamwangukia asiye na kitu. Yaani unamtoza mtu pesa kwa kosa la kutokuwa na chakula, halafu hiyo pesa ndiyo angenunulia chakula.

Na mahindi ndani si akiba kila wakati. Baba yangu, Ileje, mwaka 2017 hakuuza mapema. Alisema asubiri bei. Mwezi wa sita ukaja katazo la kupeleka mahindi nje, bei ikaanguka, na sisi mpakani ndio tuliouona moto. Mahindi yalijaa mpaka sebuleni. Ada yangu ilikosekana. Nilikaa nyumbani muhula mzima nikitazama magunia. Kwa hiyo mtu akiniambia gunia ni usalama, nakumbuka ile sebule.

MKULIMA, WANGING'OMBE

Wote mnabishana juu ya magunia mangapi. Hamjasema yatakuwa na nini ndani mwezi wa kumi na mbili.

Dumuzi hana habari na sheria ndogo. Mdudu huyu asili yake ni Amerika ya Kati, huku kwetu alionekana kwanza Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, wazee wanasema alikuja na mahindi ya msaada. Ukiweka sikio kwenye gunia usiku unamsikia. Nilifungua gunia langu Januari moja, nikaingiza mkono, ukatoka mweupe kama wa mpika chapati. Punje zilikuwa maganda matupu. Mtendaji angekuja angehesabu gunia moja, kumbe ni gunia la vumbi.

Anayetaka kuweka, aanze na ukavu. Chukua chupa ya kioo, kavu kabisa. Chumvi ianikwe juani mpaka iwe inamwagika kama mchanga. Weka vijiko viwili vitatu, jaza mahindi mpaka nusu chupa, funga, tikisa dakika moja, iache kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha mahindi uwanjani. Ikibaki chini, weka ghalani. Haihitaji mashine wala mtaalamu. Ukiweka mabichi yanaota ukungu, na ukungu ndio unaleta sumukuvu. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yao wenyewe, waliyoyatunza wenyewe.

Kisha ile mifuko ya tabaka tatu. Ya ndani miwili ni plastiki, ya nje ni kiroba. Kila mmoja unausokota na kuufunga peke yake, mdudu anakosa hewa anakufa. Dawa huhitaji. Ila ukishafunga usifungue kila Jumamosi kuchungulia, na panya akitoboa tundu moja umerudi mwanzo.

Na mbona hakuna aliyetaja ulezi? Ulezi unakaa miaka na mdudu hausumbui. Babu zetu hawakuupenda kwa pombe peke yake.

DEREVA, TUNDUMA

Jamani Serikali ina NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, kwa kazi hiyo hiyo. Makambako kuna maghala, Songea yapo, Sumbawanga yapo. 2024 Zambia ukame umewamaliza, wametangaza janga la taifa, sisi tukakubaliana kuwauzia tani 650,000. Nilibeba mimi. Nchi yenye mahindi ya kumuuzia jirani itashindwa kumlisha mtu wa Mbozi?

MLETA MADA, MBOZI

Dereva mwanangu, mahindi ya Makambako yanafika kwangu kwa nini? Kwa lori. Lori linatumia nini? Hapa chini ya ardhi ya mikoa yetu linapita bomba la mafuta la TAZAMA, dizeli inakwenda Ndola, Zambia, hatuonji hata tone. Barabara ikikatika wewe mwenyewe utakuwa umepaki.

Itezi, hapo Mbeya mjini, Aprili 2024, tope la mlima Kawetere liliposhuka likafukia nyumba za watu, nani alianza kufika? Majirani, na majembe.

Kijana wa Soweto, la faini umenigusa. Ngoja nilifikirie.

MWALIMU MSTAAFU, NJOMBE

Nimesoma kimya tangu juzi. Mnaongea kuhusu dunia kuporomoka kama kitu kinachokuja. Huku kwetu kilishapita, na babu zangu walikuwa ndani yake.

Miaka ya 1890 sotoka iliua ng'ombe. Wajerumani wakaibomoa Kalenga, ngome ya Mkwawa mtawala wa Wahehe, 1894, naye akaendelea kupigana porini mpaka 1898. Ikaja Maji Maji. Watoto wa shule wanafundishwa maji na risasi, basi. Kilichowaua wengi zaidi ni njaa, na njaa ile ilitengenezwa. Kati ya 1905 na 1907 Wajerumani walipita Ungoni na huku Ubena wakichoma vihenge na mazao yaliyokuwa shambani. Walijua kihenge cha kila nyumba kiko wapi, maana kihenge kilikuwa uwanjani, kinaonekana, na ndiyo ilikuwa fahari ya mwenye nyumba. Bibi yangu alikuwa akisimulia habari za mama yake kuzika ulezi ndani ya chungu, nyuma ya jiko, na watoto hawakuambiwa. Walioambiwa walisema.

Sasa wewe ndugu yangu wa Mbozi unataka orodha ya magunia ya kila kaya, iko kwenye daftari, daftari liko ofisini. Siku ambayo kweli mambo yameharibika, daftari hilo litakuwa mikononi mwa nani? Simsemi mtendaji wako, huenda ni mtu mwema. Nauliza litakuwa kwa nani.

Na lazima ya chakula nimeiona kwa macho. Mwaka 1972 lilitangazwa azimio hapo Iringa mjini, Siasa ni Kilimo. Miaka miwili baadaye ikaja njaa, ikaja kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona. Kila kaya ikapangiwa ekari. Nilikuwa kijana, nashika ncha moja ya kamba ya kupimia. Niwaambie kilichotokea? Watu walilima ekari ya kuonyesha, pembeni ya barabara, ambako gari la mkuu litapita. Ekari ya kula ilikuwa bondeni. Yenu yatakuwa hivyo hivyo: magunia ya kuonyesha. Mtaazimana. Gunia moja litazunguka nyumba nne kwa siku moja likihesabiwa.

KIJANA WA SOWETO, MBEYA MJINI

Gunia la kuazima! Mwalimu umenichekesha peke yangu kwenye daladala.

MAMA WA MASHINE, UYOLE

Naomba nami niseme, maana wanaume mmehesabu magunia, mmepigana vita vya Mjerumani, na hakuna aliyefika jikoni.

Nina mashine ya kukoboa na kusaga, ya umeme. Aprili mosi 2024 Gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, giza nchi nzima, asubuhi nilikuta foleni ya ndoo mlangoni. Kila mmoja ana mahindi. Mama mmoja alikuwa na debe zima kichwani na mtoto mgongoni, ananiambia "dada fungua tu kidogo". Nifungue nini? Umeme ulirudi, tukacheka. Lakini nilibaki nikiwaza siku ambayo hautarudi jioni.

Magunia matatu ya mahindi bila mashine ni magunia matatu ya punje. Mtu wa leo anataka sembe nyeupe, dona yenyewe anasema inamkwaruza. Kaka mleta mada, nyumbani kwako kuna kinu? Si cha karanga na vitunguu swaumu, nauliza kinu cha kutwangia mahindi, na mchi wake. Nani kwenye nyumba yako anajua kutwanga mpaka kuchekecha? Mimi mwenyewe nilitwanga mara ya mwisho nina miaka kumi na mbili, malengelenge nayakumbuka.

Yule mama mwenye nyumba wa binti yako alifanya la maana: kande. Mahindi, maharage, maji, chumvi na kuni. Loweka usiku, maharage yataiva haraka. Lakini kuni ziko wapi Mbeya mjini, nayo gesi itaisha kabla maharage hayajaiva. Mkiweka magunia wekeni na maharage, na chumvi. Chumvi inasahauliwa. Gunia la chumvi halina mdudu, halina bei ya kutisha, na hakuna mtu huku anayeilima.

MWALIMU MSTAAFU, NJOMBE

Dada, ndaga sana. Chumvi ya zamani ilitoka Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, watu waliichemsha pale kwa karne nyingi na kuibeba kwa miguu. Leo tukiambiwa tukaichemshe, sijui tutaanzia wapi.

MKULIMA, WANGING'OMBE

Niongeze moja tu, halafu nikamwagilie viazi. Mbegu. Sote tunapanda chotara, mimi napanda za kituo cha utafiti cha Uyole, sikatai, zinazaa. Lakini ukirudisha punje zake shambani mwaka wa pili, mavuno yanashuka. Mbolea nayo mliona 2022, bei ilipita laki moja kwa mfuko mpaka ruzuku ikazinduliwa hapo hapo Mbeya siku ya Nanenane. Siku mia zikiisha na barabara bado imekatika, utapanda nini? Mimi kila mwaka natenga mistari sita ya mbegu ya kienyeji, mbali na shamba la chotara ili zisichanganyike. Mke wangu anasema napoteza eneo. Labda.

MLETA MADA, MBOZI

Nimesoma yote mara mbili.

Faini naitoa. Kijana wa Soweto na Mwalimu mmenishinda, na mkutano ukirudi nitasimama kusema hivyo, ingawa waliozomea watanicheka. Daftari nalo silitaki tena. Ile ekari ya kando ya barabara nimeiona kwa macho yangu nikiwa mdogo na nilikuwa nimeisahau.

Magunia sitoi. Aliye na shamba asiuze yote mwezi wa saba akaja kununua kwa bei mara mbili mwezi wa pili, hilo halihitaji dunia iporomoke. Nitapendekeza kijiji kinunue mifuko ya tabaka tatu kwa pamoja, na ile chupa ya chumvi ionyeshwe mkutanoni, kila mtu aje na konzi ya mahindi yake. Wapangaji wa mjini sina jibu lao. Binti yangu nimempelekea debe moja na maharage kilo tano, kaviweka chini ya kitanda.

Mama wa Uyole, swali lako nililipeleka nyumbani. Kinu cha marehemu mama kipo, nyuma ya jiko, kimepinduliwa, kuku anatagia kando yake. Nimekigeuza, kina ufa mdogo juu lakini chini ni kizima. Mchi hatujauona. Mke wangu anasema uliazimwa kwenye msiba wa mwaka juzi, na hakumbuki ni msiba wa nani.