Baiskeli bila magari: misitu, mito na migongo ya chai kuzunguka Nairobi

Kutoka kwa mwanajumuiya wa South B

Ndugu wanajumuiya, salaam.

Mimi na mke wangu tumehamia hapa kikazi tukitokea Mwanza, na katika mizigo tuliyovusha Namanga zimo baiskeli zetu mbili zenye vibebeo vya nyuma, ambazo kule nyumbani tulizoea kuzifunga mizigo na kwenda nazo hadi Magu, tukalala, kisha tukarudi kesho yake. Tangu tufike zimeegemea ukuta wa baraza. Barabara tunazozifahamu ni Mombasa Road na Uhuru Highway, na hakuna mwenye akili timamu atakayezipanda kwa ajili ya starehe.

Tunaomba kujua kama zipo njia ambazo mtu anaweza kuzifuata kwa saa kadhaa, msituni au kandokando ya mto, bila kugombania lami na matatu na malori. Ramani inaonyesha mito mingi inayokatiza mjini, nami nikadhani kingo zake ndizo jibu. Tutashukuru pia kuelezwa kuhusu malipo, vitambulisho na usalama.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Kiambu Road

Kaka, karibuni sana, wewe na shemeji.

Nianze na mito, kwa sababu ramani inawadanganya wengi. Mto Nairobi, Mathare na Ngong hupita katikati ya viwanda, masoko na makazi yaliyobanana, na kwa sehemu kubwa ya safari yao mjini hakuna njia inayoendelea ukingoni, mbali na maji kuwa machafu kiasi cha kumfukuza mtu. Kipo kipande kilichokombolewa, yaani Bustani ya Michuki karibu na mzunguko wa Globe, iliyopewa jina la waziri wa mazingira aliyesimamia kusafishwa kwake, lakini hapo ni mahali pa kukaa chini ya mti. Safari ya baiskeli haiwezi kuanzia hapo ikafika popote. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 serikali iliamuru watu waondoke ndani ya mita 30 za kingo, na mwaka 2025 ukazinduliwa mradi wa kuuhuisha Mto Nairobi. Siku njia za waenda kwa miguu na baiskeli zitakapokamilika ukingoni tutazungumza upya. Kwa sasa msipange safari juu ya ahadi.

Hata hivyo mito hiyo ndiyo itakayowafundisha namna ya kupanga njia. Karibu yote hushuka kutoka miinuko ya Kikuyu, Limuru na milima ya Aberdare, ikielekea kusini-mashariki hadi ikutane na Mto Athi. Mto Nairobi wenyewe huanzia kwenye kinamasi cha Ondiri pale Kikuyu. Kati ya mto na mto kuna mgongo mrefu wa ardhi, na migongo hiyo imelala sambamba kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Ukiendesha kwa kufuata mgongo, mwinuko ni wa taratibu na unaweza kwenda asubuhi nzima ukiwa bado na pumzi. Ukiikata migongo kutoka kaskazini kwenda kusini, kila kilomita mbili utashuka bondeni kwa breki za kulia na kupanda upande wa pili ukiisukuma baiskeli. Wageni wengi hutazama umbali peke yake, wakaona kilomita 20 ni kidogo, halafu wakarudi wamebebwa na pikapu. Tazameni kwanza mto unaelekea wapi, ndipo mchague barabara.

Mahali pa kuanzia ni msitu wa Karura, usio mbali na katikati ya jiji, wenye ukubwa wa takriban hekta 1,000 na uliohifadhiwa kisheria tangu 1932. Mnafahamu kwamba ungekuwa majumba leo kama si Wangari Maathai na wenzake, waliopigwa pale Januari 1999 walipokwenda kupanda miti kupinga kugawiwa kwa ardhi ya msitu. Leo una uzio wa umeme, walinzi, na vijia vingi vya udongo ambavyo makutano yake yamewekewa namba, hivyo mtu hapotei akiwa na ramani ya getini. Limuru Road imeukata msitu, na upande wa magharibi unaitwa Sigiria, ambao kwa maoni yangu ni bora kwa baiskeli kwa sababu watembeaji ni wachache. Upande wa mashariki una maporomoko ya maji ya Mto Karura na mapango yaliyotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau. Sehemu hizo hujaa familia mwisho wa wiki, hivyo shukeni mkokote baiskeli badala ya kupiga kengele nyuma ya watoto. Baiskeli za kukodi zipo, kama mtapata wageni wasio na zao.

Mkishazoea Karura, pandeni Limuru. Huko ndiko chai ilikopandwa kwa mara ya kwanza Kenya, mwaka 1903, na kuzunguka Tigoni barabara za udongo za mashambani zinaambaa ubavuni mwa migongo, magari yake yakiwa trekta na pikapu za majani chai. Pakieni baiskeli kwenye gari asubuhi, au elewaneni na kondakta wa matatu kabla hajaanza kuita abiria, kwani baiskeli hulipiwa kama mzigo, kisha rudini kwa kuteremka. Kutoka Tigoni hadi Karura mtashuka zaidi ya mita 300, na mkipinda kwenye njia za mashamba kila zinapopatikana, lami mtakayoshiriki na magari, hasa mkikaribia Ruaka, haitakuwa ya kuwachosha. Mashamba mengi ni mali ya kampuni. Mkikuta kizuizi, msalimieni mlinzi, mwelezeni mnakokwenda, na akikataa geuzeni bila ubishi.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Karen

Nakubaliana na kaka wa Kiambu Road kuhusu migongo, ila upande wetu wa magharibi-kusini usisahauliwe.

Msitu wa Ngong Road, ambao lango lake liko jirani na uwanja wa mbio za farasi, una miti ya asili mizuri na vijia vipana, lakini umekatwa na Southern Bypass, na katika baadhi ya sehemu mngurumo wa malori hauishi. Kihistoria msitu huu umekuwa na sifa mbaya ya uporaji. Mimi huingia tu tukiwa kundi, asubuhi, na kwa kulipia mlinzi wa kutusindikiza. Shemeji asiende peke yake huko, na wala wewe kaka usiende peke yako, maana mporaji hachagui jinsia. Karura ni tofauti, kwani wanawake wengi huendesha peke yao na mimi ni mmoja wao.

Njia ya barabara ya pembeni ya Southern Bypass hupendwa na waendeshaji wa baiskeli za mbio. Imetenganishwa na magari kwa sehemu kubwa, lakini mwuliza swali ametaja msitu na mto, na pale hakuna hata kimoja cha kufurahia.

Kwa mto halisi nendeni Oloolua, kwenye msitu unaotunzwa na taasisi ya utafiti wa nyani hapa Karen. Kijia chake kinafuata Mto Mbagathi, kuna mianzi, pango na maporomoko madogo. Ni chembamba, na ushauri wangu ni kufika kwa baiskeli, kuiacha kwa walinzi, na kutembea kwa miguu. Kama mnatafuta kivuli na sauti ya maji kwa siku ya Jumapili, sijaona panapokizidi ndani ya jiji.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Ruaka

Salaam nyote. Naongeza jambo la vitambulisho, kisha Naivasha.

Kwenye misitu na hifadhi bei hutofautiana kati ya raia, mkaazi na mgeni, na kwa kawaida malipo hufanywa kwa simu au mtandaoni badala ya fedha taslimu. Hifadhi za wanyamapori hutambua kundi la raia wa Afrika Mashariki, kwa hiyo Mtanzania aliyekuja na pasipoti au kitambulisho cha taifa hulipa pungufu sana kuliko mgeni wa mbali. Asiyekuwa nacho mkononi atakuwa na maelezo marefu getini. Bebeni na kibali cha ukaazi pia.

Sasa Naivasha. Hifadhi ya Hell's Gate, iliyoanzishwa 1984, ina kilomita za mraba 68 na ni miongoni mwa hifadhi chache nchini ambamo mtu huruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na swala. Kutoka lango la Elsa, ukiupita mnara wa mwamba wa Fischer, hadi kwenye korongo ni takriban kilomita 8 za udongo na vumbi, karibu tambarare yote. Magari ya watalii huingia, hivyo si njia isiyo na magari kabisa, lakini huenda polepole. Nyati wapo, mkiwaona karibu na barabara, simameni msubiri gari lipite ndipo mfuatane nalo.

Korongoni msiingie bila mwongozaji, wala kukiwa na wingu upande wowote wa upeo. Mvua inaweza kunyesha mbali nanyi mkiwa kwenye jua, na maji yakawafikia ghafla. Yaliua watu mwaka 2012, na tena 2019. Kufika Naivasha pelekeni baiskeli kwa gari. Kuendesha kwenye mteremko wa Mai Mahiu pamoja na malori simshauri mtu yeyote.

Kutoka kwa mwanajumuiya wa South B

Tumeshukuru mno, ndugu zangu, na wewe dada wa Karen. Tutaanza na Sigiria. Maswali mawili yamebaki: je, misimu ikoje, na kwa nini mke wangu anakosa pumzi kwenye ngazi tu za nyumba?

Kutoka kwa mwanajumuiya wa Kiambu Road

Pumzi ni suala la mwinuko. Mwanza iko karibu mita 1,100, Nairobi ni karibu 1,800, na Limuru inapita 2,000. Mpeni mwili wiki mbili tatu kabla ya kupanda hadi mashamba ya chai, na shemeji asipoona nafuu amwone daktari.

Kuhusu misimu, masika huanza Machi hadi Mei na vuli Oktoba hadi Desemba. Kinachoamua ni udongo zaidi ya mvua yenyewe. Migongo ya kaskazini ina udongo mwekundu, ambao huteleza ukilowa lakini hukauka haraka jua likitoka, mara nyingi siku ya pili mnaweza kupita. Kusini na mashariki, kuelekea Kitengela na uwanda wa Athi, ni udongo mweusi wa mfinyanzi unaojaa kati ya tairi na uma mpaka gurudumu linakataa kuzunguka, na huko hata siku nne baada ya mvua msijaribu. Juni hadi Agosti ni baridi na ukungu, hasa Limuru, lakini vijia viko imara, na ndio wakati ninaoupendelea.

Tairi nyembamba za barabarani ziacheni nyumbani. Chukueni pampu, viraka na tyubu moja ya akiba kila mtu, kwani juu ya Tigoni fundi baiskeli hapatikani kirahisi kama Mwanza. Jumamosi saa moja asubuhi huwa niko kwenye lango la Karura la Limuru Road. Mkipenda kuongozana nami mara ya kwanza, niandikieni kabla ya Ijumaa jioni.