Mjadala: Msanii chipukizi apewe ruzuku au akopeshwe?

Ndugu wachangiaji, naomba tulijadili kwa utulivu swali linalorudi kila inapotangazwa fedha ya kuwasaidia wasanii wachanga nchini Tanzania. Kijana anayeanza kazi ya sanaa, hasa yule ambaye kazi yake inachotwa katika utoto na ujana wake mwenyewe, apewe fedha ya umma kama ruzuku asiyoirejesha, au akopeshwe kama mjasiriamali mwingine yeyote? Msimamo wangu nautaja mapema ili anayetaka kuupinga ajue pa kuanzia. Naamini kwamba mkopo haumfai msanii anayeanza, kwamba halmashauri zetu zinaweza kutoa ruzuku ndogo ndogo bila kuyumba, na kwamba ikiwa ni lazima mfuko wa umma uweke sharti la mada, basi utoto na ujana ndiyo mada yenye madhara machache kuliko zote nilizowahi kuziona.

Kwanza tutazame hali ilivyo. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa Tanzania hutoa mikopo ya riba nafuu kwa wasanii kwa kushirikiana na benki. Halmashauri nazo hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba, asilimia 4 ikiwaendea wanawake, asilimia 4 vijana na asilimia 2 watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka uliofuata. Sibezi juhudi hizi hata kidogo. Mwenye bendi inayoalikwa harusini kila Jumamosi anaweza kukopa vyombo akavilipia kwa vyombo hivyo hivyo, na mwenye studio ya kurekodi yuko katika biashara kamili, hivyo mkopo ni haki yake. Lakini mkopo wa vijana wa halmashauri hutolewa kwa kikundi, na binti anayeandika mashairi usiku baada ya kufunga genge la mama yake hana kikundi. Akilazimika kuunda kikundi ili apate fedha, atawatafuta wenzake wanaotaka kufuga kuku, na mwisho wa yote watafuga kuku. Nasema hivyo bila dharau, kwa kuwa ufugaji una marejesho yanayohesabika na ushairi hauna.

Hapo ndipo ugomvi wangu na mkopo ulipo. Mkopo una kalenda yake: mwezi fulani marejesho yaanze, mwezi fulani yaishe, na mkopeshaji hana budi kuifuata la sivyo mfuko utakauka. Kazi ya kwanza ya msanii ina kalenda nyingine kabisa. Mchoraji atapaka turubai mara tatu akifuta. Mwandishi ataandika sura nne na kugundua kwamba hadithi yake inaanzia sura ya tano. Mchezaji ngoma atarudi kijijini kwao kumtafuta mzee wa mwisho anayekumbuka mapigo fulani, na huenda akamkuta mgonjwa. Mtu mwenye deni hafuti wala harudii. Ataitoa kazi ikiwa mbichi, tena ataitoa kwa sura ile ambayo mnunuzi wa haraka ameizoea.

Najua kuna watakaonijibu kwamba Edward Saidi Tingatinga hakupewa ruzuku na yeyote. Ni kweli, na hoja hiyo ina uzito, kwa hiyo nitakaa nayo kidogo. Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932, alianza kuchora jijini Dar es Salaam karibu na mwaka 1968, akitumia vipande vya hadibodi na rangi za kupakia baiskeli kwa sababu ndivyo vitu alivyoweza kuvimudu. Kazi zake ziliuzwa nje ya maduka ya Morogoro Stores, Oysterbay, na wanunuzi wengi walikuwa wageni. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa amechora kwa miaka minne tu. Ndugu na wanafunzi wake waliendeleza mtindo ule kwa uaminifu mkubwa, wakaunda ushirika mwaka 1990, na familia nyingi zimelishwa na kusomeshwa kwa brashi hizo. Hilo ni jambo la kuheshimiwa.

Lakini tuangalie pia soko lilivyofanya. Kwa zaidi ya miaka hamsini mfadhili mkuu wa uchoraji huo amekuwa mtalii, naye mtalii ananunua twiga, tembo, chui na machweo ya Kilimanjaro ya kuingia kwenye begi la ndege. Mchoraji aliyekulia Tandale, ambaye huenda maishani mwake hajamwona chui, anachora chui. Anazijua foleni za ndoo kwenye bomba la maji alfajiri, mafuriko yanayoingia uvunguni mwa kitanda kila masika, na kondakta wa daladala anayemzuia mwanafunzi mlangoni kwa sababu ya nauli yake ndogo, na hayo yote hayachori kwa kuwa hayana mteja pale barabarani. Simlaumu mchoraji, kwani ana watoto wa kulisha. Ninachouliza ni nani mwingine zaidi ya umma atakayelipia kazi ambayo soko la wageni haliitaki na soko la wenyeji bado halijaizoea.

Mlinganishe na George Lilanga, Mmakonde aliyefika Dar es Salaam katika miaka ya 1970 na kupata kibarua cha ulinzi pale Nyumba ya Sanaa, kituo cha wasanii, kwa msaada wa mjomba wake, Augustino Malaba, aliyekuwa akifanya kazi hapo. Akiwa ndani ya nyumba hiyo, kwenye vifaa, wenzake wa kujifunza nao na kipato kidogo cha kila siku, Lilanga alianza kuyachonga na kuyachora mashetani, viumbe wa masimulizi ya Kimakonde, aliyoyabeba kutoka kwao Kusini, na mwaka 1978 kazi zake zilikuwa zinaonyeshwa Washington. Sidai kwamba Nyumba ya Sanaa ndiyo iliyompa kipaji. Nadai kwamba mshahara wa mlinzi, ukiwa umewekwa mahali penye rangi na patasi, ulifanya kazi ya ruzuku, na hakuna aliyemdai Lilanga aurejeshe.

Sasa nije kwenye sharti la utoto na ujana, ambalo najua wengi hapa watalipinga kwa moyo wote. Hoja yao ni kwamba msanii asipangiwe mada, na kama mambo yangekuwa sawa ningekubaliana nao. Ila kwa muda mrefu wasanii wetu wachanga wamepangiwa mada na miradi: lishe, unawaji mikono, ndoa za utotoni, chandarua, rushwa. Mimi mwenyewe niliwahi kupeleka michoro kumi na miwili ya watoto wa mtaani kwetu, wakicheza rede, kombolela na chandimu katikati ya madimbwi, kwa mradi mmoja uliokuwa unatafuta vijana wenye vipaji. Nikaitwa, nikasifiwa, kisha nikaambiwa nichore watoto hao hao wakinawa mikono. Nilichora kwa sababu nilihitaji ile fedha. Watoto walionyooshwa mstari mbele ya ndoo ya maji hawakuwa watoto wa mtaani kwetu, na kila nikizikumbuka karatasi zile naona aibu ambayo haijaisha.

Mada ya utotoni ina tofauti moja kubwa: humrudisha msanii kwenye mali ambayo tayari anayo. Kijana wa miaka ishirini na miwili hana mtaji, hana jina, pengine hana hata chumba chake, lakini ana miaka kumi na minane ya kuangalia. Ana sauti ya bibi akisema "paukwa" na watoto wakiitikia "pakawa". Ana magari ya waya yenye matairi ya kandambili, chuo cha madrasa na fimbo ya maalimu, kwaya ya shule iliyofika ngazi ya mkoa kwenye UMITASHUMTA, yale mashindano ya shule za msingi, na kurudi nyumbani ikiwa imelala njaa. Mwingine ana jando au unyago, na anajua nini kinasemeka na nini hakisemeki. Hakuna mtaalamu wa kumfundisha hayo, na hakuna msanii mwenye jina anayeweza kumzidi katika kuyajua. Wakishindanishwa juu ya falsafa au historia ya taifa, aliyesoma shule nzuri atashinda kila mara. Kwenye kumbukumbu ya utotoni mtoto wa Tandahimba na mtoto wa Masaki wanaanza mstari mmoja.

Hatari zipo, tena nazikiri. Utoto unaweza kugeuzwa mapambo, kila kitu kikawa kizuri kwa vile kimepita. Unaweza pia kugeuzwa maonyesho ya umaskini, msanii akajifunza kwamba kadiri anavyoonyesha mtoto mwenye kamasi ndivyo jopo la kuchagua wa kupewa ruzuku linavyosikitika na kuidhinisha. Jopo litakalokuwa na walimu wa shule za msingi na wasanii wazoefu wa eneo husika litautambua uongo huo haraka kuliko jopo la wageni, na hiyo ni sababu mojawapo ya kutaka fedha hizi zitolewe na halmashauri badala ya ofisi za mbali.

Sababu nyingine ni uhai wa fedha yenyewe. Taasisi zetu za sanaa zilizotegemea wafadhili wa nje zimeishi kwa mashaka. Chuo cha muziki cha nchi za jahazi kule Unguja, DCMA, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kupokea vijana wengi waliotaka kujifunza taarabu, kidumbaki na ngoma, kilijikuta mwaka 2019 kikitangaza hadharani kwamba kinaweza kufunga milango kwa kukosa fedha. Misaada ya balozi hupangwa kwa miaka michache na hufuata vipaumbele vya nchi inayoitoa. Fedha ya halmashauri ni ndogo, lakini anayeitoa anaweza kuulizwa na diwani, na diwani anaweza kuulizwa na sisi.

Pingamizi zito kuliko yote ni lile la zahanati. Mtu atauliza kwa haki: zahanati ya kata haina dawa, nawe unataka milioni za mshairi? Sitalikwepa, na sitasema kwamba shairi ni sawa na dawa ya malaria. Nasema tuangalie ukubwa wa kiasi. Halmashauri ikitenga shilingi milioni 30 kwa mwaka, ikawapa wasanii 20 shilingi milioni 1.5 kila mmoja, kila msanii amepata shilingi 500,000 kwa mwezi kwa miezi mitatu ya kufanya kazi moja kwa utulivu. Fedha hiyo haitajenga zahanati wala haitaifunga. Itamtosha msanii kununua rangi, kulipia chumba na kula. Na kwa kuwa kazi itakayotoka ni lazima ionyeshwe kwanza pale pale, shuleni, sokoni au kwenye ukumbi wa kata, waliochangia kodi wataiona kabla haijaenda popote.

Kuhusu upendeleo, sina jibu kamili, nina pendekezo tu. Mwaka 2022 Ireland ilianza kuwalipa wasanii 2,000 euro 325 kila wiki, na waliotimiza vigezo walichaguliwa kwa bahati nasibu. Nilipolisikia jambo hilo mara ya kwanza liliniudhi, kwani niliona kazi nzuri inatupwa kwenye kapu moja na kazi dhaifu. Kadiri nilivyolitafakari nimebadilika. Jopo lichuje maombi yasiyo na nia, kisha nusu ya nafasi zijazwe kwa uamuzi wa jopo na nusu kwa kura ya wazi mbele ya waombaji, maana karatasi ikichomolewa kapuni mbele ya macho ya watu hakuna mpwa wa mheshimiwa atakayepewa kipaumbele.

Wapo watakaosema tuzo zinatosha. Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, imefanya kazi kubwa tangu ilipoanza kutolewa mwaka 2023. Mshindi wa kwanza hupata shilingi milioni 10 na mswada wake huchapishwa na kusambazwa shuleni. Ninaiunga mkono kwa dhati. Ila tuzo humpokea aliyekwisha kumaliza mswada, na swali letu hapa linamhusu aliyekwama katikati, asiyekuwa na miezi mitatu ya kuumaliza.

Jambo ambalo bado sijaamua, na ambalo ningependa kuwasikia wenye uzoefu wa ofisi za utamaduni za wilaya, ni umri. Neno "chipukizi" tumelizoea kwa vijana, lakini mwanamke aliyelea watoto watano na kuanza kuandika juu ya utoto wake akiwa na miaka 48 naye anaanza. Kumfungia nje naona ni dhuluma. Kumruhusu kunaweza kuwafanya waliokwisha kujijenga wajifanye wanaanza. Je, kipimo kiwe kazi ya kwanza kuonyeshwa hadharani, na kama ndivyo, afisa utamaduni atakithibitishaje katika kata ambayo haina hata orodha ya wasanii wake?